Mtoto Akiumia Shuleni: Mwongozo wa Kuwaarifu Wazazi Kuhusu Majeraha na Usalama wa Majengo

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya msingi hapa Kisumu, mvulana wa gredi ya nne alianguka kutoka kwenye mwembe ulio nyuma ya madarasa akavunjika mkono. Tulimfunga mkono kwa banzi, tukatafuta gari, tukamfikisha hospitalini bila kuchelewa. Jambo moja tu hatukulifanya: hatukumpigia mama yake simu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshapiga. Mama huyo, aliyekuwa akiuza samaki katika soko la Kibuye, aliarifiwa na mhudumu wa bodaboda kwamba mwanawe amebebwa kutoka shuleni akiwa hajitambui. Haikuwa kweli, lakini alifika langoni akiwa miguu mitupu na sauti imemkauka kwa kilio. Kuhusu mkono uliovunjika hakutulaumu hata mara moja. Alichouliza, nami sikuwa na jibu, ni kwa nini mtu wa bodaboda alijua habari za mwanawe kabla yake.

Swali hilo ndilo chanzo cha mwongozo huu. Nimeuandikia walimu wakuu, walimu wa darasa, bodi za usimamizi na vyama vya wazazi katika shule zetu za Kisumu, Kakamega, Nakuru na maeneo yanayozunguka, na kila hatua iliyomo inalenga mambo matatu: mzazi asikie kutoka shuleni kabla ya kusikia barabarani, asikie kweli hata kama ni chungu, na asiachwe bila habari baada ya simu ya kwanza.

Hatua ya kwanza: tayarisha rejista ya mawasiliano kabla ya siku ya ajali

Shule nyingi zina namba za wazazi zilizoandikwa siku mtoto aliposajiliwa na hazikuguswa tena. Namba hubadilika, simu huibiwa, mzazi huhamia Eldoret kutafuta kazi na mtoto akabaki na nyanya yake. Kwa hivyo kila mwanafunzi awe na namba zisizopungua tatu: mbili za wazazi au walezi, na moja ya jirani au jamaa anayeishi karibu na shule na anayeweza kufika kwa miguu. Pembeni mwa kila namba paandikwe jina la mwenye simu, uhusiano wake na mtoto, na lugha anayoielewa vizuri zaidi. Nyanya aliyezoea Dholuo au Luluyia pekee atasikia maneno machache tu ya Kiswahili cha haraka cha mwalimu mwenye hofu, naye atajaza mengine yote kwa mawazo yake.

Rejista hiyo iwe pia na habari za afya. Katika eneo la ziwa na magharibi mwa nchi ugonjwa wa selimundu (sickle cell) ni wa kawaida, na mtoto mwenye selimundu anayelalamika maumivu makali hawezi kuambiwa alale kidogo kwenye ofisi hadi kengele ya jioni. Pumu, kifafa, na dawa au vyakula vinavyomdhuru mtoto viandikwe vilevile. Mzazi atie sahihi, siku ya usajili, kwamba shule inaruhusiwa kumpeleka mtoto hospitalini kwa dharura hata kabla yeye hajapatikana, na atueleze kama amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, ili habari hizo zisitafutwe mapokezini huku mtoto akilia.

Nakala moja ya karatasi ibaki katika ofisi ya mwalimu mkuu ndani ya kabati lenye kufuli, na nyingine kwa naibu wake. Nasisitiza karatasi kwa sababu kompyuta haifunguki umeme ukikatika, na umeme hukatika zaidi siku za mvua na radi, siku zilezile ambazo ajali hutokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tulinde habari hizi, kwa hiyo rejista haining'inizwi ukutani wala haipigwi picha na kutumwa kwenye kundi la walimu. Mwanzoni mwa kila muhula walimu wa darasa wazihakiki namba moja moja.

Hatua ya pili: amua mapema nani atafanya nini

Kosa letu la siku ile ya mwembe lilikuwa hili. Ajali ikitokea, mwalimu wa zamu hubaki na mtoto, mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza humhudumia, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba ya wiki hupiga simu. Kama mwalimu mkuu yupo, simu ya jeraha kubwa ni yake. Kama hayupo, ni ya naibu, na naibu asisubiri ruhusa. Bawabu wa langoni na wapishi waelezwe kwamba kazi yao ni kumpokea mzazi kwa upole na kumfikisha ofisini, bila kumsimulia walichokiona au walichokisikia.

Hatua ya tatu: pima uzito wa jeraha, kisha chagua njia ya kuarifu

Mchubuko wa goti uliooshwa na kufungwa hauhitaji simu. Ujumbe mfupi au maandishi kwenye daftari la mtoto yanatosha, mradi yafike nyumbani siku hiyohiyo. Jeraha linalohitaji kuonwa na daktari, kama vile mfupa unaoshukiwa kuvunjika, kidonda kirefu au kuungua, linahitaji simu mara tu mtoto anapopata huduma ya kwanza. Hali inayotishia maisha inahitaji watu wawili wafanye kazi kwa wakati mmoja, mmoja akitafuta gari la wagonjwa na mwingine akimtafuta mzazi.

Kuna majeraha mawili ambayo walimu huyadharau, nami naomba yasidharauliwe kamwe. La kwanza ni kugonga kichwa. Mtoto huinuka, hujipangusa vumbi, hucheka na wenzake, akarudi darasani. Kisha usiku huanza kutapika na mama hajui kwamba mchana aligonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Kila mtoto aliyegonga kichwa, hata kama anaonekana mzima, mzazi wake apigiwe simu na aelezwe dalili za kuangalia katika siku mbili zinazofuata: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida au kutoamka vizuri, kichwa kinachozidi kuuma, kuchanganyikiwa, kifafa, mboni za macho zisizolingana, au majimaji na damu kutoka puani na masikioni. Dalili yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Ni vyema shule iwe na kikaratasi chenye maneno hayo, kwa Kiswahili na lugha ya nyumbani, kinachopelekwa na mtoto na kuthibitishwa kwa simu.

La pili ni kuumwa na mbwa. Jeraha linaweza kuwa dogo kama tundu la sindano, lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakiponi kabisa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mzazi apigiwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Mzazi aelezwe wazi kwamba chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa na kwamba kukatiza katikati ni hatari.

Hatua ya nne: piga simu, na useme kwa utaratibu

Walimu wengi huanza kwa neno moja: "Usishtuke." Hakuna neno linalomshtua mzazi haraka kuliko hilo. Anza kwa kujitambulisha, kisha sema mtoto yuko katika hali gani, kwa sababu mpaka mzazi ajue kama mwanawe yuko hai na anazungumza, hatasikia kitu kingine chochote. Baada ya hapo eleza kilichotokea kwa sentensi moja au mbili, mtoto yuko wapi, nani yuko naye, na mzazi aende wapi. Mfano:

"Habari ya mchana, Mama Akinyi. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu wa shule anayosoma Akinyi. Akinyi yuko macho na anazungumza nasi. Ameanguka uwanjani saa nane mchana na mkono wake wa kulia umeumia, tunashuku umevunjika. Mwalimu wake wa darasa yuko naye njiani kwenda hospitali ya rufaa, ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Tafadhali twende tukutane huko, sehemu ya dharura. Je, una mtu wa kukusindikiza? Nitakupigia tena baada ya nusu saa."

Usiseme usichokijua. Kama hujui mfupa umevunjika, sema unashuku. Kama hujui aliangukaje, sema bado mnauliza. Usimlaumu mtoto kwa maneno kama "alikuwa anacheza vibaya", wala usimtaje mtoto mwingine aliyemsukuma. Hayo yana wakati wake na mahali pake. Mzazi akilia, nyamaza kidogo, kisha rudia jina la hospitali, kwa maana huenda ni hilo tu atakalolihitaji kumwambia mtu wa bodaboda.

Simu ikikosa kupokewa, jaribu namba ya pili na ya tatu, kisha tuma ujumbe unaomwomba apige kwa haraka, bila kutaja jeraha. Simu nyingi za nyumbani hushikwa na watoto, na si haki ndugu mdogo wa Akinyi asome habari hizo peke yake.

Habari ya kifo haitolewi kwa simu wala kwa ujumbe. Mwalimu mkuu aende nyumbani mwenyewe, akiwa na mzee wa mtaa au kiongozi wa dini wa familia hiyo, na afike kabla ya redio na majirani. Aseme neno lenyewe kwa upole na kwa uwazi, kisha akae. Asiondoke mpaka jamaa wamefika.

Hatua ya tano: andika siku hiyohiyo

Kila jeraha lililohitaji simu liandikwe kwenye kitabu cha matukio kabla walimu hawajaenda nyumbani. Andika kilichoonekana na kilichofanywa, si maoni: mahali, shughuli iliyokuwa ikiendelea, walioshuhudia, huduma iliyotolewa, saa mzazi alipopigiwa na aliyepokea simu. Kuhusu saa, ninajua tatizo tulilo nalo: tunasema saa nane, tunaandika 2:00, na baadaye hakuna anayekumbuka ni ipi. Andika zote mbili, "saa nane mchana (2:00)", ili ripoti isomwe vilevile na mzazi, daktari na afisa wa elimu. Mzazi apewe nakala. Shule inayomnyima mzazi nakala humfanya aamini kwamba kuna kitu kinachofichwa, hata pale ambapo hakuna.

Hapa kuna jambo ambalo halina mjadala. Kama mtoto ameumizwa na kiboko cha mwalimu, hiyo si ajali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko. Mzazi aambiwe ukweli, tukio liripotiwe kwa afisa wa elimu, kwa Tume ya Huduma kwa Walimu na kwa polisi, na kikao cha kuyamaliza kimyakimya kwa pesa za dawa kisifanyike. Mzazi au mtoto asiye na wa kumwambia anaweza kupiga namba 116, ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Hatua ya sita: fuatilia, na linda heshima ya mtoto

Mwalimu wa darasa apige tena jioni hiyo na kesho yake. Mtoto akikaa nyumbani zaidi ya siku chache, mtu wa shule aende kumtazama, si kwa ajili ya kuomba radhi tu bali kupanga masomo yake na kurudi kwake. Wazazi wa watoto waliohusika wazungumziwe kila mmoja peke yake.

Makundi ya WhatsApp ya wazazi yana faida, lakini picha ya mtoto aliyejeruhiwa haina nafasi humo, wala jina lake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na hizo hazikuwa hata picha za ajali. Tukio likishasambaa mtaani, ujumbe mmoja mfupi kutoka kwa mwalimu mkuu unatosha: kumetokea ajali, mtoto anatibiwa, familia yake imearifiwa, tafadhali msisambaze picha.

Hatua ya saba: waambie wazazi kuhusu jengo kabla jengo halijasema lenyewe

Hapa ndipo shule nyingi hunyamaza, na hapa ndipo kimya huua. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Mwaka uliotangulia, Septemba 2019, darasa liliporomoka katika shule ya Precious Talent jijini Nairobi na kuua watoto. Ngazi nyembamba na ukuta dhaifu ni vitu vinavyoonekana kila siku kwa yeyote anayeingia shuleni. Mzazi anayevijua anaweza kuuliza, kuchanga au kukataa. Mzazi asiyevijua hana lolote la kufanya.

Kila muhula, bodi ya usimamizi na wawakilishi wa wazazi wazunguke shule nzima kwa miguu, wakiwa na mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Waangalie kama milango ya madarasa na mabweni inafunguka kwa nje, kama ina upana wa futi tano, kama madirisha ya mabweni hayana vyuma vya kuzuia mtu kutoka, na kama vitanda vimeachana kwa mita 1.2. Wasukume kila mlango kwa mikono yao wenyewe. Mlango wa bweni haufungwi kwa nje watoto wakiwa ndani, na hakuna sababu ya nidhamu inayoweza kuhalalisha jambo hilo: mwaka 2024 moto katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21, na kila mzazi mwenye mtoto bwenini ana haki ya kuuliza mwanawe atatokea wapi.

Katika eneo letu, ardhi yenyewe ina tabia za kuangaliwa. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kuta zilizojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupasuka. Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, na sehemu zake nyingine hupata nyufa za ardhi baada ya mvua kubwa. Vyoo vya shimo ni hatari vilevile, hasa shimo likiwa la zamani na sakafu ikianza kubonyea. Ukiona ufa ukutani, weka alama ya kalamu kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe kando yake. Ufa ukiipita alama hiyo baada ya wiki chache, ujue jengo linaendelea kusogea. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, au mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unakwama, usingoje hata wiki hizo.

Utaratibu ni huu: kwanza funga chumba, kisha mwite mtaalamu, kisha waandikie wazazi, yote ndani ya siku moja. Fundi wa mtaani hatoshi kutoa uamuzi. Omba ukaguzi wa mhandisi wa kaunti na afisa wa afya ya umma, na umjulishe afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Barua iwe fupi na iseme mambo haya:

"Kwa wazazi na walezi wote. Jana asubuhi tuliona ufa kwenye ukuta wa darasa la gredi ya tano, upande wa barabara. Darasa hilo limefungwa tangu jana na hakuna mtoto atakayeingia humo. Wanafunzi wa gredi ya tano watasomea ukumbini. Tumeomba mhandisi wa kaunti aje kukagua. Hatujajua bado chanzo cha ufa huo wala gharama ya kuurekebisha. Tutawaandikia tena Ijumaa, hata kama ripoti haijafika. Mwenye swali afike ofisini kati ya saa tatu na saa sita asubuhi."

Sentensi ya "hatujajua bado" ndiyo walimu wakuu huiogopa, wakidhani inaonyesha udhaifu. Nimeona kinyume chake: wazazi walioambiwa hivyo hurudi Ijumaa kusikiliza, ilhali wazazi walioambiwa "kila kitu kiko sawa" huja wakiwa na hasira siku plasta inapoanguka. Barua isomwe pia kwenye mkutano wa wazazi, na wawakilishi wa madarasa waipeleke kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, kwa wale wasiosoma. Kanisani na msikitini tangazo hufika mbali kuliko karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mtoto. Na suala la pesa za ukarabati lisiwekwe kwenye barua ya kwanza, kwa sababu mzazi atakayeona mchango ataacha kusoma habari ya hatari.

Hatua ya nane: dharura kubwa

Moto, mkanyagano, mafuriko au radi vikiwapata watoto wengi kwa pamoja, wazazi watakuja wote, na watakuja wakikimbia. Chagua mapema lango moja la kuwapokea, mbali na njia ya magari ya wagonjwa, na mahali pengine pa kuwakusanya watoto walio salama. Rejista za madarasa zitoke pamoja na walimu, na watoto waitwe majina kabla ya mtu yeyote kuchukuliwa. Usiku ule wa Endarasha baadhi ya watoto walikuwa wamechukuliwa na wazazi na majirani, na kuwahesabu waliobaki kukawa kugumu mno. Kwa hiyo kila anayemchukua mtoto aandike jina lake, la mtoto, na atie sahihi, hata kama mwalimu anamfahamu tangu utotoni.

Mwalimu mmoja atumwe katika kila hospitali waliko majeruhi, akiwa na orodha, naye ndiye atakayewapokea wazazi huko. Langoni, mtu mmoja azungumze na wazazi kila baada ya nusu saa, hata kama hana jipya, kwa sauti inayosikika hadi nyuma. Majina ya majeruhi hayasomwi mbele ya umati. Mzazi huitwa pembeni.

Hatua ya tisa: jaribu mfumo kabla haujahitajika

Mara moja kila muhula, chagua siku isiyotangazwa na uwapigie wazazi wa darasa moja, ukiwaeleza mwanzoni kabisa kwamba ni jaribio na watoto wao wako salama. Hesabu ni wangapi wamepatikana kwa namba ya kwanza, wangapi kwa ya tatu, na wangapi hawakupatikana kabisa. Tulipofanya hivyo shuleni kwetu mara ya kwanza, namba nyingi zilikuwa zimezimwa au ni za watu wengine, na wiki hiyo walimu wa darasa walikwenda nyumba kwa nyumba kuzisahihisha, wakianzia kwa familia zinazoishi mbali zaidi na barabara.